Rage Alio Atafuta Bima Maji

Rage Alio ni dalali wa mifugo katika soko la Garissa, na hajawahi kupima kitu kwa chombo tangu mama yake amwachishe ziwa. Mbuzi humpima kwa jicho moja, jingine likimpima mnunuzi. Umri wa ngamia huusoma menoni. Uzito wa ng'ombe huutaja kabla ng'ombe mwenyewe hajamaliza kushuka kwenye lori, na ukitokea tofauti, kosa ni la ng'ombe. Siku moja alimuuzia mwalimu mbuzi kilema. Mwalimu aliporudi kulalamika, Rage alimsikiliza kwa heshima zote, kisha akamwambia kwamba yule si kilema, ni mbuzi mwenye kutafakari. Akizama katika mawazo, husimama kwa miguu mitatu.

Mtu huyo ndiye aliyeamua kutandika lamineti, zile mbao za kufunika sakafu, sebuleni kwake, mtaa wa Galbet. Sababu ilikuwa mama mkwe.

Mama mkwe wake, Ebla, anaishi Habaswein. Sikukuu ya Idd iliyopita alikwenda kumtembelea mwanawe wa kiume, aliyekuwa amejenga nyumba mpya yenye vigae vya kung'aa. Mama wa watu akavua kandambili mlangoni, akapiga hatua tatu salama, na ya nne akaipiga hewani. Alitua kwa kiuno. Sinia la sambusa alilokuwa amebeba lilitua bila sambusa hata moja kumwagika, jambo ambalo familia ilisimulia kwa fahari kuliko ilivyomhurumia yeye. Mwezi mzima alilalia ubavu mmoja. Alipoamka alitoa fatwa yake binafsi: hataishi katika nyumba yoyote ambayo sakafu yake imepakwa mafuta ya nundu ya ngamia.

Sasa yule mwana amehamishiwa kazi Mandera, na binti wa mwisho ameolewa Tarbaj. Ebla amebaki peke yake. Ugbad, mke wa Rage na kifungua mimba wa Ebla, anataka mama yake aje kuishi nao. Kila akikata simu baada ya kuzungumza naye, huenda moja kwa moja jikoni kukata vitunguu, hata kama siku hiyo hakuna kinachopikwa. Na sebule ya Ugbad ina nini? Vigae. Vyeupe pee, ukiinama unahesabu nywele za pua yako.

Baada ya miezi minne ya kubembelezwa, Ebla alikubali kuja kuangalia.

"Ijumaa nakuja na basi," alisema kwa simu. "Hiyo sakafu yenu nitaijaribu kwa kidole kimoja. Ikiteleza, narudi siku hiyohiyo, na msiniite tena mpaka mje kunizika."

Ugbad akaenda kwenye vitunguu. Rage akamfuata hadi mlangoni.

"Atakaa," alisema. "Wallahi mama yako atakaa, hata nikimwaga changarawe humu ndani."

Ushauri wa lamineti ulitoka kwa binti yao Nasteho, mwanafunzi wa uuguzi, ambaye simu haijawahi kumtoka mkononi kwa muda wa kutosha kuchajiwa.

"Aabo," alimwambia baba yake, "tazama. Hii haitelezi. Ina mikwaruzo midogo juu, mguu unashika. Inafanana na mbao, lakini si mbao."

"Kwa hiyo ni uongo uliofanana na ukweli."

"Kama hivyo."

"Biashara hiyo naijua," Rage alisema, akachukua fimbo yake akaenda dukani.

Mwenye duka la vifaa vya ujenzi alikuwa zamani dalali wa kondoo, kwa hiyo waliuziana kistaarabu. Walifunika mikono kwa shali, wakaminyana vidole huko chini bila kutamka bei, wakatukanana kidogo kwa macho, wakaelewana. Kabla ya hapo Rage alikuwa ameshaukagua ubao wa maonyesho. Aliubonyeza mbavu, akaunusa, akautazama upande ambao ungekuwa na meno. Katoni ishirini na mbili zikapakiwa kwenye mkokoteni wa punda.

Fundi aliyetajwa na kila mtu alikuwa Abdilatif. Huyu amezaliwa Garissa, lakini shangazi yake alimlea Lamu, na Kisomali chote kikamdondokea njiani. Jumatatu hiyo alikuwa Masalani akipiga dari ya msikiti, kwa hiyo mambo yote yakapangwa kwa simu na kwa Kiswahili. Hapo ndipo balaa lilipovaa viatu. Kiswahili cha Rage ni cha soko, kinavuka mto na kurudi salama, ila kinywani mwake p na b ni mapacha waliobadilishiwa vitambulisho hospitalini. V naye huenda anakotaka.

"Sebule nimetoa fiti fyote," Rage alisema. "Sasa iko tubu."

"Itubu?" Abdilatif aliuliza. "Imefanyani, maskini?"

"Tubu! Hakuna kitu ndani!"

"Aaa, tupu. Haya, bwana wangu, nisikize vyema. Lamineti adui yake ni maji. Maji, maji, maji. Umesikia? Pili, katoni usizifungue. Zilaze chini moja moja, chumba kizima, usizirundike zikapinda. Zikae hadi nije Alhamisi, zizoee nyumba."

"Zizoee?"

"Zina pumzi hizo! Zatoka kwenye baridi ya Nairobi, leo waziingiza kwenye tanuri la Garissa. Ukizitandika papo hapo zitafura na kuinuka. Waziwacha kwanza zipumzike."

"Kama mgeni."

"Kama mgeni, ndiyo maneno. Sasa la mwisho, na ndilo kubwa. Nitafutie pimamaji. Yangu imetumbukia chooni huku Masalani, na sina hamu ya kuifuata. Pasi na pimamaji, mimi sigusi sakafu ya mtu."

"Bima maji?"

"Naam, pimamaji."

"Bima maji."

"Ehe, hiyohiyo! Na iwe ndefu, bwana wangu. Fupi haina maana."

Simu ikakatika. Rage akabaki ameduwaa kwa heshima. Fundi huyu alikuwa mtu wa aina gani, hata afikirie mbali hivyo? Adui wa lamineti ni maji. Mto Tana ukikasirika, kila mtu Garissa anajua unavyoingia nyumbani mwa watu bila hodi. Kwa hiyo kabla ya kazi, mbao zikatiwe bima ya maji. Tena ndefu. Ni akili tupu. Gari lake la mizigo lina bima, mkewe ana kadi ya bima ya hospitali, mbao nazo wana wa nani?

Jioni hiyo alizilaza katoni zote ishirini na mbili chini, kuanzia mlangoni hadi ukuta wa mwisho, kila moja peke yake, kwa upole wa mtu anayelaza watoto. Akakataza kelele sebuleni. Usiku kulikuwa na joto la kuchemsha yai, akahamisha feni kutoka chumbani akazielekezea.

"Mimi nina miaka kumi na tisa humu ndani," Ugbad alisema akijipepea kwa kipande cha kanga. "Lini uliwahi kunielekezea feni?"

"Wewe umeshazoea nyumba."

Jumanne asubuhi Rage aliingia ofisi ya bima. Ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la nguo, na ndani yake kijana mmoja, Aweys, aliyefunga tai kwenye joto ambalo hata mijusi walikuwa wamelivulia kofia. Aliposikia hatua ngazini alisimama. Katika miaka mitatu ya kazi, hakuna mtu aliyewahi kuingia humo kwa hiari. Wateja wake wote aliwakimbiza mwenyewe barabarani.

Waliongea Kisomali, ila lile neno Rage alilileta kama alivyolipokea.

"Nataka bima maji."

"Bima ya maji! Karibu, adeer, karibu, kaa. Ni mafuriko?"

"Maji yote. Fundi hakubagua."

Aweys akavuta fomu, akapuliza vumbi. "Mali inayokatiwa bima ni nini?"

"Mbao."

"Za aina gani?"

"Za uongo."

Aweys akaandika mbao, mbele yake akaweka kistari kirefu cha busara. "Ziko wapi kwa sasa?"

"Zimelala sebuleni."

"Zimelala?"

"Zinazoea nyumba. Ziache."

"Na anayefaidika na mali hii ni nani?"

"Mama mkwe."

Kalamu ikasimama. "Adeer, samahani. Fundi mwenyewe alisemaje hasa?"

"Alisema bila bima maji hagusi sakafu ya mtu."

Aweys alitazama dari kama mtu aliyeuona mwezi wa Idd peke yake. "Huyo fundi," alisema kwa sauti nyembamba, "una namba yake? Nataka tu kumsalimia. Laiti mafundi wote wa mji huu wangekuwa na imani kama hiyo! Sasa, unataka fupi ya miezi mitatu, au ndefu ya mwaka?"

"Ndefu. Alisema fupi haina maana."

Kijana wa watu alilazimika kufuta macho kwa ncha ya tai.

"Lakini ngoja," Rage akashtuka. "Hii haina riba ndani?"

"Ni takaful, adeer. Tunachangiana. Wewe ukifurikwa, sote tunalia pamoja."

"Haye," alisema Rage, akatia sahihi. Alirudi nyumbani na cheti chenye mihuri miwili, akakipitisha mbele ya kila jirani polepole, kama bibi harusi.

Alhamisi baada ya sala ya adhuhuri, Abdilatif akafika na mkoba wake. Akazitazama katoni, akaridhika. Akaukagua ukuta, akaridhika. Akasugua viganja.

"Mashallah. Sasa nipe pimamaji."

Rage akatoa bahasha kifuani, akafungua, akamkabidhi kwa mikono miwili. "Hii haba. Ndefu. Mwaka msima. Mafuriko, mfua, na bomba kubasuka."

Abdilatif aliisoma karatasi mbele. Akaisoma nyuma. Kisha, pengine kwa adabu za pwani, akapiga magoti, akailaza juu ya kigae katikati ya katoni mbili, akafumba jicho moja, akaitazama kwa muda mrefu.

"Bwana wangu," alisema bila kuinuka, "natafuta tone lake silioni."

"Tone gani?"

"Tone la maji! Pimamaji ni kijiti, kina kichupa, ndani mna maji na povu. Waweka chini, povu likikaa kati, sakafu iko sawa. Hii yako nikiweka chini, naona jina la mama mkwe!"

Nasteho alikuwa tayari ameketi sakafuni, machozi ya kicheko yanamtoka.

"Si ulisema bima maji?" Rage aliuliza.

"Pima! Pima! P! Sema papai."

"Babai."

"Laa ilaha illallah," alisema Abdilatif, akakaa juu ya mkoba wake.

Ugbad, aliyekuwa amesimama mlangoni na birika la chai, alikuwa amesikia ya kutosha. "Kwani mnatafuta nini? Mnataka kujua sakafu imeinamia wapi?" Nasteho alipokitafsiri Kisomali hicho na fundi alipotikisa kichwa kukubali, Ugbad akajibu kwa kuinua birika. "Si mmwage maji muone yanakokwenda?"

"Naa, ngoja!" Rage akaruka. "Mbao!"

"Mbao zina bima," alisema Ugbad, na akamimina.

Chai ikatelemka. Haikwenda mlangoni wala ukutani. Ilikimbia moja kwa moja hadi katikati ya sebule, ikakaa pale kama ng'ombe kwenye dimbwi, ikakataa kuondoka. Wakaziinua katoni haraka. Abdilatif akatumbukiza vidole kwenye chai, akavitazama. Vidole viwili, hadi kwenye kiungo cha kwanza. Miaka kumi na tisa familia ilikuwa ikiishi ndani ya bakuli bila kujua.

"Haiwezekani," alisema walipomaliza kupangusa na kuzirudisha katoni. Sasa hakuwa na mzaha. "Nikitandika juu ya shimo hili, mbao zitabonyea katikati na kukatika midomo inayoziunganisha. Mama mkwe wako akikanyaga pale atajikwaa aanguke. Lazima kwanza nijaze saruji laini, ikauke vizuri. Labda Jumanne ijayo."

"Mama anafika kesho," Rage alisema.

"Basi naye mlaze chini azoee nyumba."

Hakuna aliyecheka. Ugbad akapita katikati yao, akaenda jikoni, na baada ya muda mfupi kisu kikaanza kugonga ubao. Rage aliikunja bima yake vipande vinne. Alikuwa ameapa. Tena ameapa kwa wallahi, ambayo hata sokoni huitumia kwa ngamia tu.

Ijumaa saa tano asubuhi tuktuk ilisimama nje. Ebla akashuka, fimbo kwanza, halafu yeye, halafu galoni la maziwa ya ngamia ambalo hakuruhusu mtu mwingine kulibeba. Macho yake yalikuwa mazima kuliko ya wote waliompokea.

Rage alisimama pembeni, mbali kidogo, akitazama chini kama adabu inavyodai. Dalali anayeweza kunyamazisha watu arobaini sokoni, mbele ya mama mkwe hubaki na maneno manne tu: ndiyo, eedo la kumwita kwa heshima, haye la kukubali, na inshallah.

Ebla akavua kandambili. Akanyoosha mguu wa kulia, akagusa kigae cha kizingiti kwa kidole gumba. Kidole kikateleza.

"Ni ileile," alisema. Akageuka. "Ile tuktuk imeshaondoka?"

Nasteho alilikamata kama mateka galoni lililokuwa limewekwa chini. Na hapo Ebla, akigeuza fimbo, akaigonga katoni ya kwanza iliyolala karibu na mlango. Tup. Akaigonga tena. Tup. Akaitazama. Akaweka mguu. Mguu ukashika. Akaweka wa pili.

"Hii ni nini?"

Rage alihisi ulimi wake, uliolala kwa adabu, ukiamka wenyewe kwa mazoea ya kazi.

"Sakafu, eedo."

Ebla akatembea. Katoni ya pili, ya tatu, ya nne, fimbo ikigonga, mwili ukiwa wima. Alifika katikati ya bakuli bila kujua kuna bakuli, akapita, akafika ukuta wa mwisho, akaketi juu ya katoni ya ishirini na mbili na kunyoosha miguu.

"Ina maandishi," alisema akiinama. "Yanasemaje?"

Yalikuwa mekundu, ya Kiingereza, kwa herufi kubwa, yakikataza mtu yeyote kukanyaga. Chini yake palichorwa mguu uliokatwa kwa mstari.

"Yanasema karibu, ayeeyo," Nasteho alimwambia bibi yake. Kwa kweli damu ya udalali hairuki kizazi.

"Na huu mguu?"

"Ndio huo unaokaribishwa."

"Mbona una mstari?"

"Huo ni... ni fimbo, ayeeyo."

"Mashallah." Ebla aliitazama fimbo yake, kisha ile picha. "Wamekumbuka hata wazee."

Baada ya sala ya Ijumaa, Abdilatif akaingia na mfuko wa saruji begani, tayari kuanza kujaza shimo. "Haya, tuzitoe katoni nje kwanza," alisema, akainama kushika moja. Fimbo ikatua sentimita moja kutoka kidoleni mwake.

"Huyu ni nani anayetaka kubomoa sakafu ya mkwe wangu?" Ebla aliuliza, Nasteho akatafsiri.

"Bibi, hiyo si sakafu! Sakafu imo ndani!"

Ebla akasikiliza tafsiri, akafikiri. "Ndani ya sakafu kuna sakafu?"

"Naam!"

"Hiyo ya ndani nimeijaribu?"

"Bado, bibi, lakini..."

"Basi ikae ndani."

"Lakini zimeshazoea nyumba! Zikiendelea kukaa hivi, ukizikanyaga kila siku, zitaharibika!"

"Na mimi bado sijaizoea," alisema Ebla. "Zinisubiri."

Abdilatif akamgeukia Rage. Rage akatazama dirisha. Fundi akaubeba mfuko wake wa saruji akatoka, akizungumza peke yake kwa Kiswahili cha Lamu, ambacho ni kitamu hata kikiwa matusi.

Alasiri Ebla alimkuta Ugbad jikoni, akakaa kwenye kigoda kilichokuwa kizingitini, kati ya sebule na jikoni, miguu yake ikiwa salama juu ya mkeka.

"Tambi zinafika Habaswein kwa katoni, naa," alisema. "Sukari kwa katoni. Sabuni kwa katoni. Unadhani mama yako hajui katoni?"

Ugbad aligeuka na mwiko mkononi. "Hooyo, wallahi tulitaka..."

"Mume wako ni mwongo. Nilijua tangu alipokuja kuposa na kuniambia ana miaka ishirini na minne." Akanyoosha goti lake bovu, akalisugua. "Mdogo wako wa kiume alinipa chumba kizuri, na kitanda, na televisheni kubwa. Nilipoanguka aliwaita watu waje kupangusa sakafu. Huyu mwongo wako amenilazia njia kutoka mlangoni. Hakuruka hatua hata moja, nimehesabu."

Ugbad akavuta pumzi. "Kwa hiyo utakaa?"

"Nitakaa. Waambie waniletee mbuzi zangu wawili na godoro." Ebla akaangalia nje ya jikoni, upande wa korido ya kwenda vyumbani, ambako vigae vyeupe vilimeremeta hadi mlango wa mwisho. "Lakini niambie. Nikitaka kwenda msalani, nitapita juu ya nini?"

Rage, aliyekuwa nje ya mlango muda wote huo akijifanya anatafuta kiatu, alikipata papo hapo, akakivaa, na kabla kiatu cha pili hakijaingia mguuni alikuwa tayari ameshafika barabarani, akielekea kwa muuza tambi kuulizia katoni.